Uso wake uko wapi? Uzi wa kuwekeana picha na kuambizana kweli

Kivuli cha Mwembe (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Nimeweka picha moja chini ya bandiko hili, na kwa kuwa najua wapo wenzetu wanaosoma kwa vifurushi vidogo visivyofungua picha, nitaieleza kwa maneno.

Ni mama yangu mkubwa, ameketi barazani kwake Ngamiani, Tanga, saa saba mchana, anashona mkeka. Ukili, yaani ukanda uliosukwa, wa miyaa ya zambarau na nyeupe umejikunja miguuni pake duara juu ya duara, shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, imo kati ya vidole, na nyuma yake, ng'ambo ya kichochoro, upo ukuta wa jirani uliopakwa chokaa na kupigwa na jua lote la mchana. Mimi nilisimama mlangoni, ndani kuelekea nje. Niliipenda picha hii tangu nilipoibonyeza, nikaiweka katika makundi matatu ya wapiga picha wasiolipwa kama sisi, na kwa siku kumi nikavuna maneno yaleyale: nzuri sana mkuu, hongera, umetisha.

Kisha nikampelekea mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyeendesha studio tangu enzi za mkanda wa filamu mpaka alipostaafu. Aliishika simu yangu kwa muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaniuliza: "Uso wake uko wapi?"

Nikatazama, na kwa kweli uso haukuwapo. Palikuwa na mtandio, palikuwa na umbo la kichwa, na ndani ya mtandio palikuwa na doa jeusi lisilo macho wala mdomo. Ukuta wa jirani ulionekana vizuri kuliko mwanamke aliyenilea. Mimi sikuliona doa hilo kwa sababu ninaufahamu uso wake, basi kila nilipotazama picha niliujazia mwenyewe kwa kumbukumbu. Lakini wale makumi ya watu walionipongeza hawamjui. Wao hawakuwa na cha kujazia, na bado hakuna hata mmoja aliyeniambia.

Najua sababu, kwa kuwa nami nimewafanyia wengine vivyo hivyo. Tumelelewa kutomwambia mtu ubaya wa kazi yake mbele za watu, na malezi hayo ni mema. Hata hivyo, mtu anapoweka picha kwa hiari yake akaomba ionwe, kumpa sifa tupu ni kumnyima kile alichokuja kukitafuta. Nimepiga picha kwa miaka tisa. Kosa hili la uso limo katika picha zangu za mwaka wa kwanza na limo katika za mwaka jana, na swali moja la maneno manne limenifundisha kuliko pongezi zote za miaka hiyo.

Kwa hiyo naomba tuufanye uzi huu uwe mahali pa kuwekeana picha na kuzihakiki kwa haki. Ningependa anayehakiki aanze kwa kusema anachokiona, kwa maneno ya kawaida, kabla ya kusema kama ni kizuri au kibaya, kwa sababu mpigaji mara nyingi hajui picha yake imesema nini kwa mtu asiyekuwapo. Kisha amwulize mpigaji alikusudia nini. Baada ya hapo ndipo aitaje kasoro, na aambatanishe jambo moja ambalo mwenzake anaweza kulifanya kesho kwa kifaa alichonacho. Na jambo la mwisho naliomba kwa mkazo: tuhakiki picha, tusihakiki watu waliomo. Mama yangu mkubwa hakuja hapa kuambiwa kama amenenepa.

Anzeni na hii yangu.

Binti Pangani

Kaka, ahsante kwa uzi huu, na pole kwa lile doa. Nakubaliana nawe kuhusu sifa tupu, ila naomba niseme upande wa pili, kwa sababu niliwahi kutoka katika kundi moja la picha nikiwa nalia. Niliweka picha ya kijana wa ngalawa, na mtu wa kwanza kujibu aliandika kwamba niuze kamera ninunue cherehani. Hakusema picha ina kasoro gani. Wapo wanaodhani kuumiza ndiko kusema kweli, na hao hawatofautiani sana na wale wa "nzuri sana mkuu", kwa kuwa wote wawili hawakuitazama picha.

Picha yenyewe ninaileta tena hapa. Ni alfajiri kwenye mlango wa mto Pangani, kijana anatweka tanga, nyuma yake kuna bahari na anga ya machungwa. Nilikusudia ionekane nguvu ya mikono yake anapovuta kamba. Naomba mniambie mnachokiona.

Halafu nina swali. Natumia simu, si kamera kubwa. Ni kwa nini uso wa mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe unapotea, ilhali jicho langu likiwa palepale linauona vizuri?

Mzee wa Filamu

Wanangu, marahaba. Mimi niko Unguja, nilisafisha picha kwa mikono yangu kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali la binti huyu ndilo swali la kazi yote.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, kikiachwa peke yake, hakijui kama mbele yake kuna mtu, ukuta au mbuzi, ingawa simu nyingi za sasa hujaribu kutafuta nyuso. Kimetengenezwa kikidhani kwamba vyote vinavyoonekana, ukivichanganya, vinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga, yaani rangi ya kijivu cha katikati. Ukikielekeza kwenye ukuta wa chokaa unaong'aa, kitasema mwanga umezidi, kitapunguza, na ukuta utatoka wa kijivu. Uso uliopo mbele ya ukuta huo, nao ukiwa kivulini, utapunguziwa pamoja na ukuta, ingawa haukuwa na cha kupunguziwa.

Sasa pimeni tofauti yenyewe. Katika siku za mkanda tulikuwa na kanuni ambayo kila fundi aliijua kwa moyo: jua kali, mkanda wa 100 (hiyo ni namba ya usikivu wake kwa mwanga), tundu la lenzi 16, kasi 1/125 ya sekunde. Ukimtoa mtu juani ukamweka kwenye kivuli kilicho wazi, unafungua tundu mpaka 4, maana namba ikipungua tundu hupanuka. Kutoka 16 kwenda 11, 8, 5.6 na 4 ni hatua nne, na kila hatua ni mara mbili ya mwanga uliotangulia. Maana yake ni kwamba aliyeketi barazani anapata kama sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga unaoupiga ukuta wa nje. Jicho la binadamu linatanuka na kusinyaa kila linapohama kutoka ukutani kwenda usoni, na akili inaunganisha yote kuwa kitu kimoja. Kamera inachagua mara moja tu, na ya mwanzilishi wa uzi ilichagua ukuta.

Lipo na jambo jingine ambalo vijana mnapaswa kulijua, ili msidhani kila kosa ni lenu. Rangi za mikanda na za mashine za kuchapia hazikupimwa kwa ngozi zetu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iliwapelekea wenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizobaki na jina la Shirley, na fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa. Ngozi nyingine zilitoka vyovyote. Malalamiko yaliyosukuma mabadiliko miaka ya 1970 yalitoka, pamoja na kwingineko, kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao kahawia zao hazikutofautiana kwenye picha. Sisi tuliokuwa na studio tulijifunza kufidia kwa taa na kwa mikono. Nendeni Mji Mkongwe mkazitazame picha za Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, muone jinsi nyuso za watu wa rangi zote zilivyokaa ndani ya mwanga bila kufutika. Teknolojia ile ilikuwa duni kuliko simu zenu, lakini fundi alikuwa akitazama uso kwanza.

Mwanangu wa Tanga, picha yako ina mikono mizuri sana. Mama anashika shazia kwa ncha tatu za vidole na kidole kidogo kimejitenga, jambo ambalo mtu asiyeshona mikeka hawezi kuliigiza. Hicho kisipotee. Rudi saa ileile, mahali palepale. Safari hii toka nje usimame kichochoroni, uupe ukuta mgongo, umpige mama akiwa anautazama ukuta na nyuma yake uko mlango wenye giza. Ukuta uliokunyang'anya uso utakurudishia.

Kivuli cha Mwembe

Shikamoo Mzee. Nimesoma bandiko lako mara tatu, na hiyo ya kuupa ukuta mgongo sikuwa nimeiwaza hata kidogo. Nitaifanya Jumamosi.

Naongeza jambo moja kwa Binti Pangani na kwa wenye simu, kwa sababu nimekuwa nikilijaribu usiku huu kwa kumpiga mdogo wangu. Wengi tunaambizana kwamba mtu mweusi anahitaji kuongezewa mwanga, basi, kama vile ni kanuni ya siku zote. Si hivyo. Uso mweusi ukiwa mdogo ndani ya fremu na nyuma yake kuna kitu cheupe, kamera hupunguza, na hapo kweli unapaswa kuongeza. Lakini ukimsogelea mpaka uso ukajaza fremu yote, kamera hiyohiyo hudhani iko gizani, huongeza mwanga kupita kiasi, na ngozi iliyokuwa nyeusi yenye kung'aa inatoka kama imepakwa majivu. Hapo unapaswa kupunguza. Kwenye simu nyingi unagusa uso kwenye kioo, kialama cha jua kinatokea pembeni, kisha unakivuta juu au chini. Mdogo wangu amekaa sawasawa nilipokivuta chini kidogo. Mng'ao wa paji la uso na wa shavu umerudi, na mng'ao huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba ngozi hii ni hai.

Nilipokuwa nikijaribu nimegundua pia kwamba simu yangu ilikuwa na kitu cha urembo kimewashwa tangu nilipoinunua, nami sikuwahi kukigusa. Kinalainisha ngozi na kuing'arisha. Nimekizima, nikamwonyesha mdogo wangu picha mbili, kabla na baada. Akaniuliza kwa nini ile ya kwanza imemwondolea kovu la nyusi alilolipata alipoanguka mwembeni akiwa na miaka sita. Wanajukwaa, nazichukia hizo programu kwa moyo wangu wote, na naomba tunapohakiki picha za hapa tuwe tunauliza bila haya: ngozi hii ni yake, au ni ya simu?

Sasa picha ya ngalawa, dada. Ninachokiona ni anga kubwa ya machungwa inayochukua zaidi ya nusu ya fremu, ngalawa upande wa kulia, na kijana ambaye mstari wa bahari umempita sawasawa shingoni, kana kwamba kichwa kiko katika dunia moja na mwili katika nyingine. Mikono uliyokusudia nguvu zake zionekane imelala juu ya tanga lililo na giza sawa na mikono yenyewe, kwa hiyo jicho haliioni. Linakwenda angani na kubaki huko. Jambo moja la kufanya kesho ni kuchuchumaa. Ukishuka mpaka kamera iwe kwenye usawa wa goti, mstari wa bahari utashuka hadi kiunoni mwake au chini zaidi, na kichwa, mabega na mikono vyote vitaingia ndani ya anga, vyeusi juu ya mwanga.

Na labda hapo weusi si kosa. Ukiamua awe kivuli kamili mbele ya anga, hiyo ni picha halali, mradi umbo lisomeke. Mimi nilitaka uso nikapata doa. Wewe ulitaka nguvu, na nguvu inaweza kuonekana hata kwenye umbo jeusi tupu.

Lenzi ya Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Naingia nikiwa nimechelewa, ila naomba tusiliache suala la ruhusa, kwa sababu mnazungumzia mwanga wa uso na mimi nataka kuzungumzia mwenye uso.

Zamani, miaka ya 1990, pale karibu na kivuko cha Likoni kulikuwa na vibanda vya wapiga picha vyenye mapazia ya kuchora: majengo ya ghorofa, ndege, meli, maua. Abiria alisimama mbele ya pazia alilolichagua, akakaa alivyotaka kuonekana, akalipa, akaondoka na picha yake. Wengine huziona picha zile za bandia. Mimi naona kwamba aliyepigwa ndiye aliyekuwa bwana wa picha. Leo sisi wa kujifurahisha tunazunguka Mji wa Kale na lenzi ndefu, tunamnasa mama aliyebeba ndoo au mzee aliyesinzia barazani, tunaigeuza picha nyeusi na nyeupe ili makunyanzi yatokeze, tunaipa jina kama "Hekima", na mwenyewe hatajua kamwe kwamba anatazamwa na watu elfu mbili. Nimeifanya sana kazi hiyo na nimeiacha. Picha ya namna hiyo ikiletwa hapa, swali langu la kwanza halitakuwa la tundu wala la kasi. Nitauliza: anaitwa nani, na umempelekea nakala?

Kwa wanawake wa pwani jambo hili ni zito zaidi. Mama anayekubali kupigwa picha akiwa amejitanda mbele yako wewe mwanawe hajakubali kuonwa na kila mtu. Ndani ya ukumbi wa harusi wa wanawake, dada aliyevua buibui yuko salama kwa sababu ya nani yuko mle, si kwa sababu ya wapi. Kuna sheria pia, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, za kulinda taarifa binafsi za mtu, na sura inayotambulika ni miongoni mwa taarifa hizo. Lakini mimi naona aibu mbele ya mama ya mtu inapaswa kutangulia mbele ya sheria.

Mwanzilishi wa uzi, nakuuliza kwa heshima: mama yako mkubwa anajua kwamba yuko hapa?

Halafu la kiufundi, kwa haraka. Wengi mnaziokota picha zenu kutoka WhatsApp ndipo mnazileta. Ikipitia huko kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa, kingo za nywele na za nyuzi zinavurugika, kisha tunamlaumu mwenzetu kwamba lenzi yake haikutulia. Itumeni kama faili, au ileteni moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Na kabla ya kuleta picha iliyopigwa nyumbani, ondoeni taarifa za mahali ambazo simu huzihifadhi ndani yake, maana anayejua kuzisoma anaweza kufika mlangoni kwako.

Kivuli cha Mwembe

Lenzi ya Likoni, swali lako limenikuta. Alijua ninampiga picha, na alijua ninapenda kuziweka mtandaoni, ila sikumwonyesha hii kabla ya kuiweka. Jana jioni nilikwenda nikamwonyesha, nikamsomea na maneno yenu yote. Alisikiliza akiendelea kusuka. Alisema picha hii ibaki, kwa kuwa hakuna anayeweza kumtambua, na nyingine nikipiga nimwonyeshe yeye kwanza. Nimelipokea hilo kama sharti, na nalitaja hapa ili liwe sharti langu mbele yenu.

Binti Pangani

Nimerudi na majibu. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri siku tatu mfululizo, na sasa nimeelewa jambo moja ambalo video za wenzetu wa Ulaya hazikuniambia. Wao husema kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu. Hapa kwetu sina saa nzima. Nimeuliza nikaelezwa, nikapiga hesabu: jua husogea nyuzi 15 kwa saa, na huku karibu na ikweta linapanda karibu wima badala ya kupanda kwa mshazari, kwa hiyo kutoka kwenye upeo wa bahari hadi nyuzi sita juu yake, ambapo mwanga bado ni laini na wa rangi, ni dakika 24 hivi. Siku ya kwanza nilizitumia kutafuta mahali pa kusimama. Siku ya pili kijana hakutoka baharini. Siku ya tatu nilikuwa nimeshachuchumaa kwenye matope kabla jua halijachomoza.

Picha ndiyo hii. Bahari imempita magotini, mikono yote miwili iko juu ya kichwa ndani ya anga, kamba inaonekana, na tanga limejaa upepo upande wa kushoto. Nimemwonyesha mwenyewe. Amesema kamba niliyoipiga picha ndiyo iliyomkatikia mchana ule, na ameomba nakala ampelekee fundi wa kamba, aone ilivyokuwa imeanza kufumuka karibu na roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Nimeikuza, na kweli nyuzi tatu zimesimama.

Mzee wa Filamu

Binti, ninachokiona ni mtu anayefanya kazi. Mara ya kwanza nilikuwa naona machweo, nikasahau hata kwamba ni asubuhi. Kasoro niliyonayo ni ndogo: mrengu wa mbele, ule mti wa ubavuni mwa ngalawa, umegusa ukingo wa fremu, haukuingia wala haukutoka. Kitu kikifika ukingoni kiache kipumue au kikate waziwazi. Zaidi ya hapo sina la kukuambia, na nimekuwa mchoyo wa maneno kama haya maisha yangu yote.

Na uliyoyasema kuhusu jua ni kweli tupu, tena lina upande wa pili. Mchana wetu nao ni mkali kuliko wa vitabuni. Kwa watu wa Tanga, jua husimama utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na siku hizo mtu akisimama wazi saa sita macho yake yanakuwa mashimo mawili, kwa sababu nyusi zinayatupia kivuli. Fundi wa pwani hampigi mtu juani saa hizo. Anamwingiza barazani, chini ya mwembe, ukumbini karibu na dirisha. Kama hakuna ukuta mweupe wa kurudisha mwanga, kanga nyeupe iliyotandikwa chini mbele yake inatosha, na sinia la bati lililopauka linatosha pia.

Kivuli cha Mwembe

Wanajukwaa, Jumamosi nimekwenda. Nilifika saa sita na nusu nikamkuta ameshaketi, amevaa kanga mpya, jambo ambalo sikumwomba. Nilisimama kichochoroni, ukuta wa chokaa mgongoni, joto lake nikilisikia kupitia shati, na nilipoinua kamera nikaona nilichokuwa nimekikosa kwa miaka tisa. Uso wote ulikuwa umewaka mwanga mpana, usio na makali, unaotoka mbele na kidogo upande wa kushoto. Nyuma yake mlango ulikuwa na giza, kwa hiyo kamera ilitaka kuongeza. Nikakumbuka majivu ya uso wa mdogo wangu, nikaishusha mwanga theluthi mbili ya hatua chini ya sifuri. Mkanda, au tuseme usikivu wa kihisio cha kamera, niliuweka 200, tundu 4, kasi 1/250 ili mkono wenye shazia usitoke ukungu. Lenzi ni ya milimita 50, niliyoinunua ikiwa imetumika.

Mzee, nilipoikuza picha kwenye kompyuta, ndani ya mboni zake niliuona ukuta wa jirani, mraba mdogo mweupe katika kila jicho, na katikati ya kila mraba kijiti cheusi ambacho ni mimi. Makunyanzi yapo, hayakutiwa chumvi. Alama ndogo ya ndui kwenye shavu ipo. Mdomo umebana uzi wa ukindu, kitu ambacho picha ya kwanza ilikuwa nacho vilevile ila hakuna aliyeweza kukiona.

Niliichapisha kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 30 nikampelekea leo asubuhi, kwa sababu ya lile sharti. Aliishika kwa ncha za vidole kando kando, kama anavyoshika ukili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Kuhusu uso wake hakusema neno. Aliitazama kuanzia juu, akashuka taratibu, akafika chini, akaweka kidole kwenye pembe ya kushoto.

"Taraza umeikata," akasema.

Nikatazama. Pindo la mkeka, lile alilolishona kwa siku mbili kwa miyaa myeusi na nyekundu, limeishia nje ya fremu kwa upana wa kidole kimoja. Amesema picha naweza kuwaonyesha, nanyi mtaiona hapo chini, lakini niwaambie kwamba haijakamilika. Mkeka wa pili ameshauanza, na pindo lake litakuwa tayari wiki ijayo.

Naomba mnihakiki.